Kizibo cha Shokapu ya Kulia

2 Februari

Kwako Shemeji,

Mwandiko huu utaujua kabla hujafika chini kutazama sahihi, ingawa siku hizi unatetemeka. Nimekupigia simu mara nne, na mara zote nne umekata uliposikia sauti yangu. Barua ina nafuu yake: ukiichana, mimi sisikii.

Sikuandikii kutafuta suluhu. Nakuandikia kwa sababu ya gari. Kobe, gari letu lile la zamani, bado yupo. Binti yangu, mpwa wako, alimtoa bandani mwaka jana, akamtia betri na matairi, akanyoosha bati la ubavuni, na injini ikawaka kana kwamba ilizimwa jana yake. Tatizo ni nyuma. Akipita tuta moja, nyuma inaruka, inashuka, inaruka tena, na inaendelea hivyo hata baada ya tuta kusahaulika. Kwenye barabara yenye makunyanzi, mkia wote unahama upande. Mafundi watatu wamekwishalala chini yake. Wa kwanza alibadilisha bushi, zile pete za mpira. Wa pili akafunga springi mpya, vyuma bapa vilivyopangwa tabaka tabaka na kupakwa grisi kwa ustadi, na mruko ukazidi. Wa tatu akaniambia magari ya zamani ni kama wazee, hayana budi kutikisika. Huyo nilimfukuza.

Hakuna hata mmoja aliyegusa shokapu, kwa sababu hawazijui. Wanatafuta mirija mirefu ya magari ya sasa. Wakiona yale masanduku mawili ya chuma yenye mkono ubavuni, wanadhani ni sehemu ya fremu. Ninayemfahamu mimi aliyewahi kuyafungua na kuyafunga ni wewe peke yako.

Binti yangu ni mkaidi, na unajua ukaidi huo ameurithi wapi. Mwisho wa Aprili anataka kuwapeleka wanawe wawili shule ya bweni kwa gari hilo hilo, safari ya saa sita, nusu yake vumbi. Nimemkataza. Amenijibu kwamba gari naliogopa mimi, si yeye.

Basi nieleze kwa maandishi kinachotakiwa kufanywa, hatua kwa hatua, nimpe fundi yeyote asome. Sikuombi uje. Ya zamani tuyaache yalipo. Daktari amesema moyo wangu umechoka na muda uliobaki si wa kuhesabiwa kwa miaka. Sina nguvu za ugomvi. Niliyoyasema siku ile nilikwisha kuyasema.

Jibu upesi.

Mkaguzi wa Shule (mstaafu)


19 Februari

Mkaguzi,

Sikuiti shemeji. Aliyetufanya tuitane hivyo yuko kaburini, na wewe ndiye uliyesimama mbele ya waombolezaji ukasema aliyemtia humo ni mimi. Nayakumbuka maneno yako kama ulivyoyatamka, kwa sauti ya darasani: "Aliyemuua mke wangu amekaa pale, anakunywa chai yetu." Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Sikujua nikiweke wapi.

Miaka thelathini na moja baadaye unaniandikia "jibu upesi". Kalamu Nyekundu, kama walimu walivyokuita, kweli mtu wa aina yako hafi mapema.

Kwa kuwa hukuuliza, nitakuambia. Mwezi huo huo gereji yangu ilibaki mimi na paka. Watu walikuwa wakileta magari hadi mlangoni, wanakumbuka, wanageuza. Mama yetu aliishi miaka tisa baada ya dada kufa, na katika miaka hiyo hakula chochote kilichotoka mkononi mwangu. Aliposhindwa kuinuka kitandani, wewe ndiye uliyeitwa mwanangu, na mimi nikaambiwa nisubiri nje. Nilihama. Nachomelea mageti. Gari la mtu sijalishika tena, hata kusukuma likikwama huwa nakwenda kwa shingo upande.

Sasa sikiliza, na hili silifanyi kwa ajili yako. Ni la watoto wa mtoto wa dada yangu.

Kazi ya springi ni kubeba. Kazi ya shokapu ni kunyamazisha. Springi za zamani zilikuwa na kutu kati ya chuma na chuma, kutu ikawa inasaidia kushika. Huyo wenu kaleta mpya, kapaka grisi, kaondoa hata msaada uliokuwepo. Simama nyuma ya gari, bonyeza kona ya buti kwa uzito wako wote, achia. Inatakiwa ipande mara moja, ishuke, itulie. Ikipiga zaidi ya hapo, lile sanduku halina oili. Juu yake kuna kizibo. Osha kwanza uchafu wote, fungua, jaza oili nzito polepole huku mtu akipandisha na kushusha mkono wake mpaka mapovu yaishe. Kisha kaza kizibo kwa spana. Kwa spana, si kwa vidole.

Mimi nilikuwa nikishakaza napiga mstari mmoja wa rangi ya njano, unaanzia kwenye kizibo unaishia kwenye sanduku. Kizibo kikisogea hata nywele, mstari unakatika. Kila nati niliyofunga maishani niliipiga mstari huo. Isipokuwa siku ile. Baada ya ajali, mkaguzi wa magari wa polisi alikuta kizibo cha kulia kimedondoka na mstari haupo, na cha kushoto kipo lakini nacho hakina mstari. Ungekosekana mmoja ningebisha mpaka leo. Ilikosekana yote miwili, nikajua nilisahau kazi nzima. Tangu hapo naitafuta ile Jumanne. Nakumbuka nilifungua kopo la rangi. Nakumbuka harufu. Nimekuwa nikijiambia harufu ile ni ya siku nyingine.

Umeshapata hatua zako. Usiniandikie tena.

Fundi


27 Februari

Kwako Shemeji (utaniita utakavyo, mimi nitakuita hivyo),

Barua yako ililala mfukoni mwangu siku tatu. Binti yangu aliniona nikishika mfuko ule, akadhani ni maumivu ya kifua. Nimepoteza karatasi nyingi kabla ya hii, na mkono wangu hauna karatasi nyingi zilizobaki ndani yake, kwa hiyo nitaandika moja kwa moja.

Ile Jumanne ulikaza. Mimi ndiye niliyefungua.

Wewe ulimaliza kazi Jumanne. Sisi tulisafiri Ijumaa. Katikati kulikuwa na Alhamisi, na Alhamisi alasiri niliinua gari kwa jeki uani kwangu. Unajua nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa nimekagua shule zaidi ya mia mbili, na hapakuwa na kazi ya mtu niliyoiona imekwisha kabla sijaipitia. Nilikuwa na kile kitabu cha gari. Kitabu kilisema oili nyepesi. Wewe ulitia nzito, na nilipokuuliza ulicheka ukaniambia kitabu kiliandikwa gari likiwa bichi, sasa mipira yake imezeeka, nyepesi itavuja yote. Ulinijibu mbele ya mke wangu, naye akacheka. Nadhani kilichonipeleka chini ya gari ni kicheko kile zaidi ya oili.

Nilifungua vizibo vyote viwili. Nilinyonya oili yako kiasi kwa bomba la sindano nikaongeza ya kitabuni. Cha kushoto nilikikaza kwa spana. Cha kulia kimejificha karibu na bomba la moshi. Spana iliteleza, nikachubuka vidole, na wakati huo huo dereva wa ofisi akaingia na majalada ya kutia sahihi. Nikakizungusha kwa mkono. Nilijiambia nitarudi nikimaliza majalada.

Sikurudi. Huo ndio ukweli. Oili ilitoka njiani, upande wa kulia ukabaki springi tupu, na kwenye kona yenye makunyanzi mkia ukatuhama. Mlango wake ulifunguka. Wangu haukufunguka.

Hukusahau chochote. Nimekuacha uamini kwamba ulisahau kwa sababu nilikuwa mwoga. Sina neno lingine. Nilitaka kukuambia kabla sijaondoka.

Shemeji yako


6 Machi

Mkaguzi,

Mke wangu ameniuliza nani kafa. Nimemwambia bado.

Nimeisoma barua yako mara saba na kuna mahali hapakai sawa. Wewe ni msomi, mimi nimeishia darasa la saba, lakini chuma nakijua. Ukifungua kizibo changu, mstari unakatika. Nusu inabaki kwenye kizibo, nusu inabaki kwenye sanduku. Rangi haiondoki kwa kufunguliwa. Kizibo cha kulia kilidondoka, sawa, kikaondoka na nusu yake. Nusu ya kwenye sanduku ilikwenda wapi? Na kushoto, ambako kizibo kilikuwepo, nusu zote mbili zilikwenda wapi?

Rangi ile ilikuwa ya mafuta. Mvua haiiondoi. Vumbi haliiondoi. Nimeipaka kwenye mageti, najua.

Nilisimama pale kwenye ua wa polisi nikamwomba yule mkaguzi wa magari atazame alama yangu. Nilimwomba mara tatu. Akatazama, akaniambia, "Fundi, hapa hapajawahi kupita brashi." Na wewe ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka kwetu, umeshika mkoba wa dada yangu.

Nauliza swali moja tu, na usinijibu kwa insha.

Rangi yangu ilikwenda wapi?

Fundi


14 Machi

Shemeji,

Niliifuta.

Uliniambia nisijibu kwa insha, lakini neno hilo peke yake litakudanganya kama nilivyokudanganya mwezi uliopita, kwa kukupa nusu. Nusu ya kosa huonekana kama bahati mbaya. Nilitaka unione mtu wa bahati mbaya.

Asubuhi baada ya ajali, gari likiwa limevutwa hadi kwenye ua wa polisi, niliwaambia askari naomba kuchukua mkoba wa marehemu. Waliniachia kwa heshima, wakageuza nyuso wasinione nikilia. Mkoba niliuning'iniza mkononi. Nilikuwa na kitambaa na chupa ndogo ya petroli ndani ya koti. Nililala chini kwa suti niliyoivaa tangu jana yake na nikasugua. Mstari wako wa kulia ulikuwa na nusu moja, umekatika, unaonekana wazi kama jibu lisilo sahihi. Nikaufuta. Nikafikiri: wa kushoto nao umekatika, kwa sababu nao niliufungua, na nikiuacha watauliza. Nikaufuta nao. Nilikuwa makini. Nilipaka tope juu ya mahali palipong'aa. Ulipofika na kuwaomba watazame alama yako, vidole vyangu vilikuwa bado vinanuka petroli, na kwa sababu hiyo niliukumbatia ule mkoba.

Kuna jambo la tatu, nalo hukuliuliza kwa sababu huwezi kulijua. Anayelijua ni mimi peke yangu. Nimejiambia mara nyingi kwamba kukuambia hili ni ukatili, nikagundua kwamba nilikuwa nikijihurumia mwenyewe na kukusingizia wewe.

Hatukuhamishwa na kona ghafla. Gari lilianza kuruka robo saa kabla. Dada yako alishika mlango akaniambia, "Punguza mwendo, nyuma inaruka." Tulikuwa tumechelewa. Nilikuwa mgeni rasmi kwenye sherehe ya kugawa zawadi shuleni, suti imepigwa pasi, hotuba mfukoni. Papo hapo nilikikumbuka kizibo. Sikudhani ni springi wala tairi. Nilijua ni kizibo cha kulia, nilikiona kabisa machoni mwangu. Ningeweza kusimama. Ningelala chini mbele yake, nikachafuka, nikamweleza kwamba niliifungua kazi ya kaka yake kwa sababu ya kicheko.

Nilimjibu hivi: "Huo ndio ufundi wa kaka yako."

Kisha akasema, "Basi tukirudi nitamsema." Hakusema tena kitu chochote duniani.

Kwa hiyo uongo wangu haukuanza msibani, wala kwenye ua wa polisi. Ulianza yeye akiwa hai, pembeni yangu, na akaondoka nao.

Shemeji


2 Aprili

Mkaguzi,

Wiki mbili sikuandika kwa sababu kila nikishika kalamu naivunja. Nimechomelea geti la mtu, nikalikata, nikalichomelea upya. Mke wangu akaniambia nisimalizie hasira yangu kwenye mali za watu, hasira ina mwenyewe na anwani yake tunayo.

Unataka nikusamehe, hujaandika lakini naliona linachungulia kila mstari. Ondoa hilo. Mimi miaka thelathini na moja nilikuwa na kitu kimoja tu cha kujipoza: kwamba dada yangu alikufa ghafla, hakupata nafasi ya kunifikiria vibaya. Hicho nacho umekichukua. Alikwenda akiwa amenikasirikia. Alikuwa na hasira fupi, mpaka jioni ingekuwa imekwisha, angenitukana kidogo halafu angeuliza nimekula. Lakini jioni hukumwachia.

Na ulijua. Uliposimama msibani ukanitaja, mama yetu alikuwa amekaa mkekani kati yangu na wewe, akatugeukia mmoja mmoja, akachagua. Ulimwona akichagua. Ulikula chakula chake miaka tisa.

Kuniambia mimi hakunisaidii kitu. Mimi sikuwa mtu wa kuambiwa. Uliowaambia uongo ni wengine, nenda kawaambie hao. Nimekaa na mke wangu tukawakumbuka waliokuwepo msibani. Walio hai ni kumi na wanne. Orodha iko nyuma ya karatasi hii. Shangazi mkubwa yumo, ana miaka tisini na masikio yake mazima. Dereva wa lori yumo, yule aliyekuwa rafiki yangu tangu utoto. Mwalimu wa hesabu yumo. Jirani yenu mshonaji yumo. Kila mmoja umwambie wewe, kwa mdomo kama anafikika, kwa mkono wako kama yuko mbali, na umwambie yote matatu. Wale waliokwisha kufa utawaambia ukifika, maana unakwenda huko huko.

Wa kwanza kabla ya orodha ni binti yako. Nitakuja Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Sikuamini kwa maandishi, utamwambia nikiwepo. Na gari nitalitengeneza mwenyewe. Hao mafundi wenu nisingewakabidhi hata baiskeli.

Usinipikie. Sitakula kwako.

Fundi


21 Aprili

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu Jumamosi sikuweza kusema, na wewe uliondoka kabla sijapata sauti.

Ulikuwa umelala chini ya gari. Mimi nimekushikia taa. Baba alitoka na kiti chake cha jikoni, akakiweka karibu na tairi la nyuma, akakaa. Nilidhani amekuja kusimamia kazi kama kawaida yake, nikataka kumwambia arudi ndani akapumzike. Akaanza kusema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mwanzoni nilidhani anaeleza habari za mtu mwingine. Spana yako ilikuwa ikigonga chuma, kisha ikanyamaza. Nilikuwa naiona miguu yako tu, na haikusogea mpaka alipomaliza.

Nilimwambia, "Rudia."

Akarudia. Nikamwambia tena, "Rudia." Mara ya tatu alishindwa kufika mwisho, akawa anatafuta pumzi, na mimi nikasimama pale nikimsubiri amalizie. Nakuandikia hili kwa sababu sitaki udhani mimi ni mtu mwema kuliko nilivyo. Nilikuwa na miaka tisa alipokufa mama. Nilipokosea imla baba alikuwa akinirudishia daftari bila neno, ila kidole juu ya kosa. Jumamosi kidole kilikuwa changu.

Kisha wewe ukatoka chini, ukaosha mikono, ukabonyeza kona ya buti. Gari likapanda, likashuka, likatulia. Ukabonyeza upande wa pili, ikawa hivyo hivyo. Ukanipa ufunguo mkononi, ukasema, "Mwendo wa pole, mwanangu," ukaondoka.

Nina hasira na baba ambayo sijui nitaiweka wapi. Naingia asubuhi, nampa vidonge vyake, nahakikisha amemeza, natoka. Hatuongei. Usiku nasikia akikohoa na nakwenda, kisha narudi kulala bila neno.

Lakini hata wewe nina hasira nawe, Mjomba, na usinikatishe. Uliondoka bila kuniaga. Nilikuwa nakusubiri barazani kwa miezi, nikiamini utakuja unibebe begani kama zamani. Niliambiwa mjomba ndiye aliyemuua mama, nikawa na maswali, na wa kumuuliza alikuwa amehama. Ulikubali upesi mno. Uliamini mistari iliyokosekana kuliko mikono yako mwenyewe. Ungebisha hata kidogo, ungepiga kelele hata siku moja, mimi ningekuwa na mjomba.

Watoto nitawapeleka Jumapili. Tutapita kwako, ni njiani. Hatutakaa. Nataka tu wakuone, na wewe uwaone. Usipotaka, funga geti. Najua unayo mageti mengi.

Mpwa wako


30 Mei

Shemeji,

Nasikia walipita, na geti lilikuwa wazi. Binti yangu hakuniambia. Nilisikia watoto wakimsimulia mtu kwenye simu kwamba wana babu anayetoa cheche.

Nimefika watano. Mshonaji nilimwendea kwa miguu, nyumba tatu kutoka kwangu, na ilinichukua asubuhi nzima. Alinisikiliza huku akiendelea kushona, na nilipomaliza aliniambia kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akimsimulia kila mteja mpya habari zako, kama onyo. Kisha akanifungulia mlango nitoke. Shangazi mkubwa alinitukana kwa maneno ambayo sikujua mwanamke wa umri wake anayo, akanipiga mkongojo begani, mara moja, si kwa nguvu. Wa tatu na wa nne niliwaandikia, hawakujibu. Dereva wa lori nilimwandikia wiki mbili zilizopita, naye kimya.

Sasa nakuja kwenye ombi, na naliandika nikijua sistahili. Nimeanguka mara mbili mwezi huu. Barua hii imenichukua siku nne. Daktari anazungumza na binti yangu mlangoni, si na mimi, na hilo nalijua maana yake. Wamebaki tisa. Binti yangu amesema, na ni sentensi ndefu kuliko zote alizoniambia tangu Aprili, kwamba ikibidi atawamalizia yeye kwa niaba yangu. Anayajua yote matatu. Naomba ukubali. Naomba uniachie nipumzike nikijua yatafika, hata kama si kwa mkono wangu.

Sikuombi jambo lile jingine. Nimelielewa.

Shemeji yako


6 Juni

Mkaguzi,

Hapana.

Binti hatakumalizia. Si yeye aliyefuta. Si yeye aliyesema. Ulimbebesha kifo cha mama yake na mjomba muuaji akiwa na miaka tisa, na sasa unataka abebe na aibu yako mlango kwa mlango wewe umelala. Nimemwandikia nikamkataza, na amekubali.

Dereva wa lori hakukujibu kwa sababu alikuja kwangu. Aliendesha kutwa nzima. Alisimama pale nje, barua yako mkononi, mtu mzima na mvi zake. Mwisho akavua shati akanisaidia kubeba vyuma mpaka jua likazama. Wakati wa kuondoka ndipo akasema, "Harusi ya mwanangu sikukualika." Nikamwambia najua. Tukacheka kidogo, sijui tulicheka nini.

Sikuwahi kuomba mtu anirudie. Nilidhani nimezoea. Kumbe nilikuwa nimekaa kama mtu aliyekunja mguu muda mrefu, hausikii tena, na sasa damu inarudi na inachoma. Amekuja mmoja. Nataka wote tisa. Nawataka hasa, na nataka waambiwe na yule yule aliyewaambia mara ya kwanza.

Usilichukulie hili kuwa msamaha. Nikikusamehe nitakuandikia tarehe. Bado nikilala nakutukana.

Kwa hiyo usife. Meza dawa, na usimsubirishe binti. Kula hata kama chakula hakina ladha. Ukianguka, inuka. Mkono ukishindwa kuandika, sema, yeye aandike, lakini maneno yawe yako na sahihi iwe yako. Ukishindwa kutembea mwambie akupeleke na Kobe, nyuma haitakusumbua.

Kesho anza na mwalimu wa hesabu. Huwa anaamka mapema.

Fundi